Jiji la Juu Lilikuwa Sebuleni

Kwanza mjue baba yake alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtasema natia chumvi.

Mzee huyo alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha sabuni, akiwa afisa usalama, na kazi yake hasa ilikuwa moja tu: mazoezi ya moto. Kila wiki anabonyeza king'ora, wafanyakazi wanaacha sabuni inachemka, wanatoka nje kwa mstari, wanasimama juani wakinung'unika, anawahesabu, wanarudi ndani. Kile kiwanda hakijawahi kuungua hata pazia. Watu wakimtania kwamba amezeeka akiokoa watu kwenye moto usiokuwepo, anawatazama kwa huruma na kuwaambia, "Ndiyo maana haukuja." Sasa mtu kama huyo utabishana naye vipi?

Alipostaafu, king'ora kilibaki kiwandani lakini tabia alihama nayo. Kwake yeye, binadamu hafai kufanya jambo lolote kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza inatakiwa iwe ya uongo, nyumbani, watu wakosee mpaka wachoke, ndipo waende kwenye ile ya kweli. Binti yake alipokaribia kuanza darasa la kwanza, Baba alikaa nyuma ya meza ya jikoni akajifanya mwalimu mkuu, akakataa kumsajili mtoto wake mwenyewe mpaka ajifunze kufunga kamba za viatu. Dada yake, yaani shangazi wa yule binti, alipopata mchumba, Baba aliwafanyisha zoezi la kugombana. Shangazi alishinda. Alishinda vizuri mno hata mchumba akaomba muda wa kufikiri, na mpaka leo bado anafikiri.

Jambo moja tu lilikuja bila zoezi. Mama wa yule binti aliondoka ghafla, asubuhi anapiga pasi, jioni nyumba imejaa waombolezaji wenye viatu vyeusi. Tangu siku hiyo Baba akazidisha. Hakuna aliyemkataza, maana kila mtu alijua anachokimbia.

Basi binti akakua. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutambaa na hakupumzika tena. Akaenda chuo, akasomea bima, yaani kazi ya kukadiria mabaya kabla hayajatokea, na Baba siku ya mahafali alilia kwa fahari mpaka akaazima leso ya mtu asiyemjua. Haukupita muda, kampuni moja ya bima ikampigia Chiriku simu. Ameajiriwa. Ila kuna ofisi mbili zenye nafasi, katika majiji mawili, na achague mwenyewe. Ijumaa saa sita mchana wawe wamepata jibu, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Wangempangia tu! Lakini hapana, wakamheshimu.

Jiji la kwanza, ambalo pale nyumbani waliliita Jiji la Juu, lilikuwa mbali, unalala njiani, na baridi yake inasemwa hadi na wasiofika. Huko ndiko ofisi kubwa ilikokuwa, na huko ndiko walikoshughulikia madai makubwa: viwanda vilivyoungua, maghala yaliyofurika, majengo yaliyopasuka katikati. Jiji la Chini lilikuwa karibu, la joto, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Kazi ya huko ilikuwa bampa zilizokwaruzwa. Na kutoka huko unaweza kurudi nyumbani kila Jumamosi.

Chiriku alitaka Jiji la Juu. Alilitaka tangu simu iko sikioni. Alitaka kusimama mbele ya kiwanda kilichoungua, avae kofia ngumu, aseme kilichotokea. Na pia, tuseme ukweli, alitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita Chiriku. Baba alitaka Jiji la Chini, na alilitaka kwa sababu ya zile Jumamosi. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu. Akiondoka mmoja unajua anabaki nani. Kila mmoja alijua la mwenzake na kila mmoja akajifanya hajui. Baba alipouliza, "Umechagua wapi, mwanangu?" Chiriku, msema hovyo wa siku zote, siku hiyo akayahesabu maneno.

"Bado naamua, Baba."

Kosa! Kumwambia yule mzee bado unaamua ni sawa na kumpa king'ora na kidole cha kubonyezea.

"Basi usijali," akasema, macho yanang'aa. "Tutafanya zoezi."

Kesho yake Chiriku aliamka akakuta nyumba imegawanywa. Sebule ilikuwa Jiji la Juu. Stoo ya uani ilikuwa Jiji la Chini. Jikoni ndipo ilipokuwa kampuni ya bima, matawi yote mawili, na bosi alikuwa Shangazi. Korido iliyounganisha yote hayo ilikuwa barabara kuu. Chiriku alipewa begi lake, akaambiwa ahamie Juu kwanza.

Shangazi alikuwa na duka la kuku wa kugandishwa, kwa hiyo baridi haikuwa tatizo. Akaleta mabonge ya barafu, wakayapanga kwenye mabeseni mbele ya feni, feni ikawekwa namba ya mwisho. Nje ya dirisha wakamsimamisha jirani yao, fundi magari anayeitwa Mzee Spana, na honi ya lori aliyoing'oa sijui wapi. Yeye ndiye alikuwa foleni ya magari. Alfajiri ile alipiga honi mpaka mbwa wa mtaa wakakata tamaa ya kubweka.

Usiku wake, Chiriku akiwa kwenye kochi, amejifunika mkeka juu ya blanketi, mlango ukagongwa. Akaingia Baba, amevaa koti la mvua la kiwandani na kofia ngumu. Huyo ndiye mwenye nyumba wa Jiji la Juu, na hakuwa na hata chembe ya utu.

"Kodi ya mwaka mzima, sasa hivi," akasema. "Wageni marufuku. Kupika marufuku. Kucheka mwisho saa moja jioni."

"Baba, hakuna mwenye nyumba wa hivyo."

"Mimi siyo baba yako. Baba yako yuko mbali sana, ndugu mpangaji. Ukiugua huku hakuna wa kukuletea uji."

Chiriku akataka kucheka, lakini ilikuwa imeshapita saa ya kucheka kwa mujibu wa masharti.

Siku mbili baadaye akahamishiwa Jiji la Chini. Stoo ilikuwa na majiko mawili ya mkaa yanawaka na dirisha limezibwa kwa gunia, jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Lakini mwenye nyumba! Mwenye nyumba alikuwa yule yule, safari hii bila koti, ana tabasamu la kuuzia mswaki. "Karibu mwanangu, jisikie nyumbani. Kodi utalipa ukijaliwa. Nimekuletea juisi. Kumbe Jumamosi unaweza kwenda kumwona baba yako? Aisee, una bahati sana wewe." Halafu, akidhani haonekani, akasukuma mlango kwa kisigino ili upepo uingie.

Shangazi akashindwa kuvumilia. "Kaka, mbona unapendelea?"

"Sipendelei. Nimefanya utafiti."

"Utafiti umeufanyia wapi na hujawahi kufika Juu wala Chini?"

"Nimekaa nikafikiri kwa makini," Baba akajibu, na mjadala ukafungwa.

Wala msidhani Shangazi alikuwa na nafuu. Ubosi ulimwingia kichwani siku ile ile ya kwanza. Akamfungulia mpwa wake dai: mteja fulani anasema sahani yake ya maua imevunjwa na paka, na anataka alipwe. Tathmini. Chiriku akapiga magoti, akapanga vipande, akapima umbali kutoka kabatini, akauliza paka yuko wapi. Nyumba haikuwa na paka. Akalikataa dai na kuandika kwamba mteja anaonekana ameivunja mwenyewe akiwa anaongea na simu. Kumbe sahani ilikuwa ya Chiriku aliyoachiwa na mama yake, na aliyeivunja ni Shangazi mwenyewe, akiwa anaongea na simu. Shangazi alimfukuza kazi pale pale. Mchana akamwajiri tena, maana vitunguu vilikuwa havijamenywa.

Unaweza kuuliza, kwa nini huyu msichana, mwenye digrii yake, hakusema tu? Neno moja, "Nataka Juu," mambo yangekwisha. Alijaribu. Alifungua kinywa mara kadhaa. Lakini kila akimwangalia Baba anahangaika na mabeseni yake, anabeba barafu kwa mikono miwili, ana furaha ya mtu aliyerudishwa kazini, ulimi unamwia mzito. Akajiambia nitasema kesho. Na kesho ikaja na zoezi lake.

Alhamisi Baba akaona Jiji la Juu bado halijamtisha vya kutosha. Akatangaza zoezi la wizi. Mzee Spana akavuliwa ufoleni, akavishwa soksi ndefu kichwani, iliyobana masikio yake makubwa mpaka akafanana na kitu kilichosahauliwa jikoni. Chiriku akaambiwa apite koridoni kama anatoka kazini. Mzee Spana akamrukia kutoka chooni.

"Simama hapo hapo!"

"Shikamoo," akasema Chiriku. Ilimtoka tu. Mtu amelelewa.

"Marahaba mwanangu, hujambo?" akasema mwizi. "Za tangu asubuhi? Haya, lete simu."

"Nzuri, Mzee. Hii hapa."

"Ahsante. Mungu akubariki."

Baba, aliyekuwa nyuma ya pazia akiwa polisi, akatoka amefura. "Huo ni wizi gani huo? Umeporwa au umetoa sadaka?" Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu shikamoo ikatoka. Mwishoni Baba akakata shauri kwamba, angalau, simu isirudishwe. Mwizi gani anarudisha simu siku hiyo hiyo? Mzee Spana akaondoka nayo gereji, ndani ya mfuko wa ovaroli, ili binti aonje uchungu wa kuibiwa.

Ijumaa asubuhi Chiriku alikuwa ameamua. Akapiga moyo konde. Atachukua simu yake, ampigie yule dada wa ofisi ya ajira aliyempa habari ya kazi, aseme Juu, kisha amweleze Baba uso kwa uso. Akaenda gereji. Mzee Spana alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Simu yako iko pale juu ya tairi," ile miguu ikasema. "Jana jioni ofisi yako walipiga. Watu wapole sana."

Chiriku akainama kuchungulia chini ya gari. "Ulipokea?"

"Iliita mno. Nikaona siyo adabu."

"Ukasemaje, Mzee?"

Mzee Spana akajivuta nje, ana grisi mpaka kwenye nyusi, na akaeleza kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu. Yule dada aliuliza mwenye simu yuko wapi. Naye akakumbuka alivyokanywa na Baba kwamba asivunje zoezi kwa hali yoyote. Basi akamjibu kwamba mwenye simu yuko Jiji la Juu, ameshahamia, ila bahati mbaya ameibiwa.

"Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye mwizi."

"Ukamwambia wewe ndiye mwizi?"

"Sasa ningesema mimi nani? Akapiga kelele, maskini. Akaniuliza kama nimekuumiza. Nikamwambia hata kidogo, ni binti mwenye heshima, aliniamkia."

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe. Pole sana kwa mkasa uliokupata, ulisema. Tumefurahishwa na moyo wako wa kuwahi kufika kabla hata ya kutujibu, hatujawahi kuona. Tumekuandika ofisi ya Jiji la Juu, unaanza Jumatatu. Kama kuna marekebisho yoyote, tupigie kabla ya saa sita.

Chiriku alirudi nyumbani mbio. Baba alikuwa sebuleni anamwaga maji ya barafu iliyoyeyuka. Akausoma ujumbe, akausoma tena, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Hili si gumu," akasema. "Nawapigia sasa hivi. Nawaeleza lilikuwa zoezi tu, mwizi ni jirani, Jiji la Juu ni hapa sebuleni. Wataelewa."

"Hawataelewa, Baba. Hakuna mtu anayeweza kuelewa hilo."

"Nitawaeleza polepole." Kidole kikaenda kwenye simu.

"Baba, usipige."

Kidole kikasimama. Feni ilikuwa bado inazunguka, inampulizia mgongoni, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Baba akainuka, akamrudishia binti yake simu, akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Chiriku akadhani amemkasirisha. Machozi yakaanza kumlenga.

Mlango ukagongwa.

Akaingia Baba, amevaa koti la mvua na kofia ngumu. Kofia ilikuwa imekaa upande.

"Nasikia unatafuta chumba," akasema mwenye nyumba.

Chiriku akafuta macho kwa kiganja. "Ndiyo, mzee."

"Cha muda gani?"

"Sijui. Muda mrefu."

"Mtakaa wangapi?"

Hilo hakuwahi kuliuliza, wiki yote ile.

"Mmoja," Chiriku akasema. "Mimi peke yangu."

Mwenye nyumba akatikisa kichwa kana kwamba anafanya hesabu. "Ulitaka kuja huku tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kabla ya barafu."

"Na baba yako hukumwambia."

"Niliogopa. Nikiondoka anabaki na nani?"

Mwenye nyumba akavua miwani, akaifuta kwenye koti la mvua, ambalo halifuti chochote. "Baba yako ni mtu mzima," akasema. "Atajikaza kisabuni." Halafu akasema chumba ni chake, kodi atalipa akijaliwa, na kucheka ruhusa hadi saa yoyote atakayo. Akatoka. Chiriku alimsikia amesimama koridoni kwa muda, hatembei, anapumua tu, na saa sita ilipita akiwa bado amesimama huko.

Safari ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa jioni, mlijua tu, lilikuwepo zoezi la kuagana.

Lilifanyika getini. Chiriku anatoka na begi, anamkumbatia Shangazi, anampa mkono Baba, anatembea mpaka kona ya gereji, anageuka, anarudi, wanaanza upya. Mara ya kwanza Baba alisema, "Tokeni kwa mstari, msikimbie," kwa mazoea ya kiwandani. Mara ya pili Shangazi alilia kabla hata begi halijatoka ndani, akaonywa. Mara ya tatu Chiriku alisahau begi. Mara ya nne Mzee Spana, ambaye hakualikwa, alijiunga kwenye mstari akaagwa na yeye. Waliendelea hivyo mpaka kila mtu akajua pa kusimama na la kusema, na Baba akasema "Nenda salama, mwanangu" bila sauti kutetemeka hata kidogo. Sidhani kuna familia iliyowahi kuagana vizuri kama wale.

Na Jumamosi ikaenda kama walivyopanga. Begi, Shangazi, mkono, nenda salama. Baba alisimama wima, mikono nyuma, hakuna chozi. Mzee Spana akampeleka Chiriku stendi kwa gari la mteja ambaye hakuulizwa, akipiga honi njia nzima. Chiriku akapanda basi, akapata kiti cha dirishani, na basi lilipouacha mji akashangaa kwamba hakulia. Akajisemea, kumbe Mzee ana akili, haya mazoezi yanasaidia. Ikapita saa, ikapita nyingine. Simu ikaita.

Alikuwa Shangazi, anaongea kwa kunong'ona. "Wewe, baba yako bado yuko getini."

"Anafanya nini getini?"

"Amesimama vile vile ulivyomwacha. Nimempelekea chai, hataki. Nimempelekea kiti, hataki. Namwambia kaka ingia ndani jua kali, ananiambia nisimharakishe, bado hujarudi kutoka kona."

Chiriku akashika kichwa. "Mpe simu."

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi ile aliyoijua.

"Baba."

"Umefika wapi?"

"Mbali, Baba. Tumeshavuka mto. Ingia ndani basi."

"Sijachanganyikiwa," Baba akasema haraka. "Dada yangu huyu... shangazi yako huyu anadhani nimechanganyikiwa. Najua mara hii siyo mchezo. Najua hurudi. Lakini jana kila ulipoondoka ulirudi, na mimi nilikuwa hapa hapa. Nikiingia ndani, Chiriku, basi umeondoka kweli."

Chiriku, aliyeanza kuongea kabla ya kutambaa, akatafuta neno na hakuliona. Machozi aliyoyafanyia mazoezi yasije yakaja yote kwa pamoja, na mama mmoja wa kiti cha jirani akamsogezea leso bila kuuliza. Hakukata simu. Baba naye hakukata. Wakakaa hivyo, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake, basi linapanda milima na baridi inaanza kuingia dirishani, mpaka Shangazi akasikika nyuma akisema jamani salio lake linaisha.

"Haya," Baba akasema. "Funga dirisha, usipate mafua."

"Nimefunga."

"Haya. Naingia."

Chiriku akabana simu sikioni. Akasikia viatu vya Baba kwenye kokoto, hatua za polepole, kisha geti likifungwa.